Namna ya kuendesha semina ya utafiti wa mikroekonomia katika shule ya biashara: mwongozo kutoka Mbeya

Neno "semina" limezoeleka vibaya katika vyuo vyetu. Ukiwaambia watu kwamba Jumatano kuna semina, wengi hufikiria bango lililotundikwa ukutani, mgeni rasmi anayesubiriwa, mkoba wenye daftari na kalamu, na karatasi ya kusaini posho. Mwongozo huu unahusu jambo tofauti: kikao cha dakika tisini, kinachofanyika kila wiki katika chumba kilekile, ambapo mtu mmoja huweka mezani kazi yake ya utafiti ikiwa bado mbichi, na wenzake huikagua mpaka waone inapovuja. Hakuna ufunguzi wala ufungaji. Nimeendesha kikao cha namna hiyo katika shule ya biashara hapa Mbeya kwa miaka kadhaa. Kimekufa mara mbili na kufufuka mara mbili, na mengi ninayoyaandika hapa nimejifunza kutokana na vifo hivyo.

Mikroekonomia tumizi ni ule upande wa uchumi unaochunguza maamuzi ya mtu mmoja mmoja, kaya, shamba, duka au kampuni kwa kutumia takwimu halisi. Haiulizi pato la taifa limekua kwa kiasi gani. Huuliza kwa nini mama lishe wa Mwanjelwa hukopa kwenye kikoba ilhali benki iko ng'ambo ya barabara, kwa nini mwenye shamba la paina kule Mufindi hukata miti kabla haijafikia unene wa kuuzika vizuri, au kama mbolea ya ruzuku iliyofika Mbozi ilimfikia mkulima ambaye bila ruzuku asingeinunua. Maswali haya yote yana uti wa mgongo mmoja: tukilinganisha na nini? Mtu akisema kwamba mkopo umeinua kipato, lazima aeleze kipato hicho kingekuwa kiasi gani kama mkopo usingekuwepo. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiona hali hiyo, kazi kubwa ya mtafiti ni kutafuta kitu cha kuaminika cha kukaa mahali pake, na semina ni mahali pa kukipima kitu hicho kabla watahini na wahariri wa majarida hawajakipima kwa ukali zaidi.

Hatua ya kwanza: wapate watu watano

Usianze kwa kumwandikia barua Rasi wa Ndaki. Anza kwa kuwatafuta watu watano ambao watakuja hata mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, tena mara nyingi ni mchana. Katika shule ya biashara wachumi huwa wachache, kwa hiyo usijifungie kwao. Mhasibu atauliza namba ilitoka kwenye kitabu gani na nani aliiandika, swali ambalo wachumi wengi hulisahau. Mtu wa ununuzi na ugavi anajua mikataba inavyovunjwa, na mwenzake wa masoko anajua mnunuzi anavyodanganya anapojaza dodoso. Waongeze wanafunzi wawili wa uzamili ambao wameanza kuandika tasnifu na bado hawajakata tamaa. Kikao kikishafanyika mara nne mfululizo, hapo ndipo mwandikie Mkuu wa Idara ukiomba kiingizwe katika ratiba rasmi, kwa maana sasa unaomba kutambuliwa kwa kitu kilichopo.

Kuhusu posho, msimamo wangu ni mkali: pasiwe na posho ya kikao, hata kama fedha ipo. Siku posho inapolipwa mara moja, kikao kinachofuata bila posho huonekana kama adhabu. Chai ya maziwa na maandazi vinatosha, na gharama yake inaweza kubebwa na idara au na wahadhiri wenyewe kwa zamu. Chai yenyewe inatoka Rungwe na Mufindi, kwa hiyo hatuna kisingizio.

Hatua ya pili: saa isiyohama na chumba chenye ubao

Sisi tulichagua Jumatano, saa nane kamili mchana hadi saa tisa na nusu. Ijumaa mchana haifai, kwa sababu kuna swala ya Ijumaa, na wenzetu wanaofundisha madarasa ya mwisho wa wiki huwa wanajiandaa kwa safari au kwa vipindi. Muhimu zaidi kuliko siku yenyewe ni kutoihamisha. Kifo cha kwanza cha semina yetu kilianza siku tulipoisogeza mbele kwa nusu saa ili kumsubiri mkubwa mmoja aliyekuwa kwenye kikao kingine. Wiki iliyofuata watu walikuja saa nane na nusu, iliyofuata wakaja saa tisa, na kabla ya muhula kuisha hapakuwa na wa kumsubiri mwenzake. Siku hizi tunaanza saa nane hata kama chumbani kuna watu watatu, na anayechelewa huingia kimya bila kusalimia chumba kizima.

Chumba kiwe na ubao mkubwa wa kuandikia. Projekta ni nzuri, lakini umeme ukikatika mwasilishaji aliyeegemea slaidi peke yake huduwaa. Kwa hiyo tunadai kila mwasilishaji achapishe nakala kumi za ukurasa mmoja wenye jedwali lake kuu na mchoro wake mkuu, na zaidi ya mara moja tumemaliza semina nzima kwa ukurasa huo na chaki. Mwezi Juni na Julai, kwa baridi ya huku, tafuteni chumba kinachopata jua la mchana.

Hatua ya tatu: ratiba ya muhula mzima

Kwa muhula wa wiki kumi na tano, panga vikao kumi. Wiki mbili za mwanzo watu bado wanahangaika na usajili na ratiba za vipindi, na wiki za mwisho ni za mitihani. Majina ya wawasilishaji kumi yaandikwe kabla ya muhula kuanza, kwa maana ukiwasubiri watu wajitolee wiki kwa wiki, utajikuta ukiwasilisha wewe mwenyewe mara sita.

Changanya vikao vya aina tatu. Aina ya kwanza ni mawazo machanga: watu wawili, kila mmoja dakika arobaini, hakuna matokeo, kuna swali na mpango tu. Hii ndiyo aina yenye faida kubwa kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu watu huona aibu kuonyesha kitu kisicho na jedwali. Lakini kosa la muundo likigunduliwa kabla ya kwenda shamba hugharimu karatasi chache, na likigunduliwa baada ya kurudi hugharimu mwaka. Aina ya pili ni makala kamili. Aina ya tatu ni kusoma pamoja kazi moja maarufu na kuivunjavunja. Kazi nzuri ya kuanzia ni ile ya David Card na Alan Krueger, iliyochapishwa mwaka 1994, kuhusu kima cha chini cha mshahara. Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima hicho kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, ilhali jimbo jirani la Pennsylvania halikupandisha, nao wakalinganisha ajira katika migahawa ya vyakula vya haraka ya pande zote mbili, kabla na baada. Mantiki yake inaeleweka na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali kiasi cha kuonyesha kwamba hata kazi maarufu huwa na mahali pa kushika. Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, pamoja na Joshua Angrist na Guido Imbens.

Hatua ya nne: mwandae mwasilishaji

Wiki moja kabla, mratibu akutane na mwasilishaji kwa nusu saa na kumdai sentensi tatu: swali ni lipi, ulinganisho ni upi, na takwimu zimetoka wapi. Kama sentensi ya pili haipatikani, makala hiyo ihamishiwe kwenye kikao cha mawazo machanga, bila lawama.

Adui mkubwa hapa ni mazoea ya tasnifu. Tumefundishwa kuanza na historia ya tatizo, kisha nadharia, kisha mapitio ya machapisho, kisha pengo la utafiti, na mtu akihamishia mpangilio huo kwenye slaidi, dakika arobaini hupita kabla hatujaiona namba moja. Katika semina swali lijulikane ndani ya dakika mbili na jibu ndani ya dakika tano, ndipo dakika themanini na tano zilizobaki zitumike kulitetea. Machapisho ya wengine yapewe slaidi moja. Kabla ya regresheni yoyote, yaani hesabu ya kupima jinsi jambo moja linavyoenda na jingine, uonyeshwe mchoro mmoja wa takwimu ghafi, kwa sababu jambo lisiloonekana hata kidogo kwa macho ya kawaida linahitaji maelezo mazito. Majedwali yawe na safu chache, na desimali zisizo na kazi ziondolewe: kusema gunia liliuzwa kwa shilingi 45,312.67 ni kudai uhakika ambao hata mwenye gunia hana.

Hatua ya tano: namna kazi inavyokaguliwa

Nitaeleza hili kwa mfano mmoja mrefu, wenye namba za kubuni ninazotumia kufundishia, kwa sababu kanuni za ukaguzi zikielezwa juu juu hazishiki.

Tuseme mwanafunzi wa uzamili anachunguza kama mizani iliyowekwa kwenye vituo vya kukusanyia viazi mviringo imeongeza bei anayopata mkulima. Suala la lumbesa linajulikana na kila mtu huku: mnunuzi hushindilia gunia na kulisokotea kofia juu mpaka lizidi kwa mbali kilo mia, kisha hulipa kwa gunia. Kanuni za vipimo zinakataza, na lumbesa inaendelea. Mwanafunzi analeta namba zifuatazo. Katika vijiji vilivyopata mizani, bei ya kilo ilikuwa shilingi 450 kabla, ikawa 620 baada. Anahitimisha kwamba mizani imeongeza bei kwa shilingi 170.

Swali la kwanza litatoka kwa yeyote: mwaka huo bei haikupanda kila mahali? Mwanafunzi aliyejiandaa atakuwa na vijiji visivyo na mizani, na atasema kwamba huko bei ilipanda kutoka 430 hadi 560, yaani shilingi 130. Kwa hiyo sehemu inayoweza kuhusishwa na mizani ni 170 kutoa 130, yaani shilingi 40. Huu ndio ulinganisho wa tofauti ya tofauti, uleule wa New Jersey na Pennsylvania, na semina nyingi huishia hapo zikiwa zimeridhika.

Swali la pili: vijiji vilivyopata mizani vilichaguliwaje? Kama vilichaguliwa kwa sababu viko kandokando ya barabara ya lami, na mwaka huo mafuta yalishuka bei, basi huenda wanunuzi walikimbilia vijiji hivyo kwa sababu zao. Dawa yake ni kuonyesha bei za misimu kadhaa kabla ya mizani. Kama makundi mawili yalikuwa yakipanda na kushuka pamoja, tunaweza kuvumilia. Kama yalikuwa yameanza kuachana tangu awali, ulinganisho umevunjika. Wengine wataongeza kwamba labda wanunuzi waliokwepa mizani walihamia vijiji jirani, na hivyo kundi la kulinganishia nalo limeguswa.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu mara nyingi halitoki kwa mchumi. Linatoka kwa mtu aliyelelewa kwenye shamba la viazi: hiyo bei ya kilo kabla ya mizani uliipataje, wakati hakukuwa na mizani? Mwanafunzi anakiri kwamba aliuliza bei ya gunia na kugawa kwa mia. Lakini gunia la lumbesa, tuseme, lilikuwa na kilo 130. Gunia lililouzwa shilingi 45,000 halikuwa na bei ya 450 kwa kilo, bali takriban 346. Sasa tuhesabu upya. Vijiji vyenye mizani vilitoka 346 hadi 620, na hiyo 620 imepimwa kweli kwa mizani, yaani ongezeko la 274. Vijiji visivyo na mizani vilitoka 43,000 kwa gunia hadi 56,000 kwa gunia, na kwa kilo 130 hiyo ni takriban 331 hadi 431, yaani ongezeko la 100. Tofauti ya tofauti si 40 tena, ni 174. Kosa la kipimo lilikuwa likificha zaidi ya robo tatu ya matokeo, na halikutibika kwa mbinu yoyote ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta haijawahi kubeba gunia. Huyo mwanafunzi sasa anajua kazi yake ya mwezi ujao: arudi vijijini visivyo na mizani, akapime magunia machache kwa mikono yake, badala ya kuichukua 130 kwa kukisia.

Swali la nne ni la idadi. Tuseme alihoji wakulima 400, hamsini katika kila kijiji, vijiji vinane. Hana uchunguzi mia nne ulio huru. Wakulima wa kijiji kimoja humuuzia mnunuzi yuleyule, hutumia barabara ileile na hupata mvua ileile. Ikiwa ufanano wa ndani ya kijiji, ambao huanzia 0 kwa wasiofanana kabisa hadi 1 kwa wanaofanana kabisa, ni 0.1 tu, fomula ya kawaida, yaani moja kujumlisha arobaini na tisa mara 0.1, inatoa 5.9. Gawa 400 kwa 5.9, na maana yake taarifa aliyo nayo ni sawa na ya wakulima 68 hivi walioteuliwa kila mmoja peke yake. Makosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, yahesabiwe kwa kijiji, na kwa vijiji vinane tu hata hesabu hiyo hutetereka. Ushauri wa kweli, ambao ni mchungu, ni kwamba vijiji ishirini na nne vyenye wakulima kumi na tano kila kimoja vingempa zaidi kuliko vijiji vinane vyenye hamsini, ingawa nauli ya pikipiki ingepanda.

Hatua ya sita: maswali, vyeo na lugha

Maswali ya kufafanua yaulizwe papo hapo. Maswali ya kupinga yasubiri mwasilishaji afike mwisho wa sehemu, naye mwenyekiti atangaze sehemu hizo mwanzoni. Kuna vyuo duniani ambako mwasilishaji hukatizwa tangu slaidi ya kwanza, lakini mimi siupendi utaratibu huo kwa wanafunzi wetu, kwa kuwa aliyelelewa kutomkatiza mkubwa hafunzwi ujasiri kwa kukatizwa yeye.

Hapo pana jambo linalohitaji utaratibu wa makusudi. Profesa akisema kwanza, chumba kimefungwa. Kwa hiyo mwenyekiti aanze na wanafunzi, kisha wahadhiri wasaidizi, kisha wahadhiri, na maprofesa wawe wa mwisho, na jambo hili lielezwe kama heshima kwao, kwa kuwa katika vikao vya wazee wetu mkubwa ndiye hufunga maneno. Msimamizi wa tasnifu asimjibie mwanafunzi wake. Ataumia kunyamaza, na anyamaze. Mtu akisimama na kusema "mimi sina swali, bali nina mchango," mwenyekiti amwombe kwa adabu auandike na kumpa mwasilishaji. Pongezi kwa wasilisho zuri zisubiri chai.

Kuhusu lugha, slaidi zetu huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu makala zitachapishwa kwa Kiingereza, lakini tumeruhusu maswali na majibu kwa Kiswahili, na tangu hapo idadi ya wanafunzi wanaouliza imeongezeka wazi. Faida nyingine haikutarajiwa. Mtu anayejificha nyuma ya istilahi hukosa pa kujificha anapolazimika kusema, "wanaojiunga na ushirika ni wale ambao tayari walikuwa na bidii na mtaji." Akishasema hivyo, kila mtu chumbani anauona udhaifu wa ulinganisho wake, pamoja na yeye mwenyewe.

Hatua ya saba: takwimu na matukio ya kutumia

Si kila mtafiti ana fedha za kwenda shamba. Utafiti wa kitaifa wa kaya wa kufuatilia kaya zilezile, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulianza mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265 na umerudiwa mara kadhaa, na takwimu zake hupatikana bila malipo katika hifadhi ya Benki ya Dunia. Wawasilishaji wetu hukosea katika mambo mawili. Kwanza, sampuli hiyo haikuundwa kuwakilisha wilaya moja moja, kwa hiyo makala yenye kichwa kuhusu Rungwe peke yake haiwezi kuegemea kaya chache zilizoangukia Rungwe. Pili, mipaka imebadilika: Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, na mwanafunzi anayelinganisha "Mbeya" ya mwaka 2008 na "Mbeya" ya mwaka 2020 analinganisha maeneo mawili tofauti bila kujua. Tumewahi kukaa saa nzima tukijadili anguko la uzalishaji wa kahawa ambalo halikuwa anguko, ilikuwa Mbozi imehamia mkoa mwingine.

Matukio ya sera nayo yachaguliwe kwa uangalifu. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022, katika viwanja vya Nanenane vya John Mwakangale hapa Mbeya, huwavutia wanafunzi wengi, lakini ilitangazwa kwa wakulima wote waliosajiliwa nchi nzima kwa wakati mmoja, na kundi la kulinganishia halipo. Anayependekeza kutumia umbali kutoka kwa wakala wa mbolea aulizwe kama aliye karibu na wakala si ndiye aliye karibu na barabara, soko na shule pia. Vocha za pembejeo zilizoanza 2008/09 zilikuwa na walengwa na wasio walengwa, lakini walengwa walichaguliwa na kamati za vijiji, na kamati ya kijiji haifanyi bahati nasibu. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021 iliwagusa wote kwa siku moja, ila haikuwagusa sawasawa, kwa kuwa ilipanda kulingana na kiasi kinachotumwa. Hapo pana mahali pa kuanzia.

Vibali na usiri

Mpango wa kwenda shamba usiwasilishwe bila slaidi moja ya vibali. Kwa kawaida barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Wiki mbili zitengwe kwa safari hiyo ya karatasi. Watafiti wa kigeni wanahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na masuala ya afya yana utaratibu wake wa maadili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kutumika, kwa hiyo majina, namba za simu na picha za wahojiwa visionekane kwenye slaidi. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuona jedwali la madeni ya wanakikoba likiwa na majina kamili, na mmoja wao alikuwa shemeji wa mtu aliyekaa mstari wa mbele.

Wageni kutoka mbali

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na lori moja likikwama mlima Kitonga ratiba yote huharibika. Mgeni afike siku moja kabla, au atumie ndege hadi uwanja wa Songwe, hapa Mbeya, kama bajeti inaruhusu. Njia rahisi ni kubadilishana wawasilishaji na vyuo vya karibu, kwa kuwa Mbeya kuna zaidi ya kimoja vyenye masomo ya biashara, na Iringa vilevile. Mgeni wa mtandaoni azime kamera ili sauti isikatike, na slaidi zake ziwe zimepakuliwa kwenye kompyuta ya chumbani tangu asubuhi.

Kumbukumbu

Mwanafunzi mmoja kwa zamu aandike kila swali na jina la aliyeliuliza, na ndani ya saa ishirini na nne amkabidhi mwasilishaji. Mwasilishaji anaporudi muhula unaofuata, dakika tatu za kwanza ni za kusema ni maswali yapi ameyafanyia kazi na yapi ameyakataa na kwa sababu gani. Kukataa kunaruhusiwa. Daftari hilo pia ndilo huonyeshwa Mkuu wa Idara anapouliza semina imezaa nini, nalo hujibu vizuri kuliko taarifa ya kurasa kumi.

Mwasilishaji anapoahirisha

Hiki ndicho kilichoiua semina yetu mara ya pili. Mtu alipiga simu Jumanne jioni, tukatangaza kwamba hakuna kikao, na wiki iliyofuata wa pili naye aliona kwamba inawezekana. Tangu hapo kabati la idara lina bahasha yenye nakala za jedwali moja kutoka makala iliyochapishwa, bila kichwa, bila jina la mwandishi na bila maelezo. Mwasilishaji asipotokea, mratibu hufungua bahasha saa nane na dakika tano, anagawa jedwali, na washiriki hujaribu kukisia swali lilikuwa lipi, kilicholinganishwa ni nini na kingeweza kuvunjika wapi. Jedwali likishatumika, huyo aliyeahirisha ndiye huleta jingine la kuweka kwenye bahasha, pamoja na maandazi ya wiki inayofuata.